Kukoroma na Kukatika Pumzi Usingizini: Mazoezi ya Koo Yana Faida Gani?

Minada ya korosho ianzapo, kwa kawaida mwezi Oktoba, na malipo yakaanza kuingia katika akaunti za wanachama wa RUNALI, Chama Kikuu cha Ushirika ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wakulima si watu pekee wanaozihesabu fedha hizo. Wachuuzi nao huzifuata hadi magulioni na milangoni mwa nyumba. Miongoni mwa bidhaa ambazo mlaji aweza kutembezewa katika msimu huo ni zile zinazodaiwa kukomesha mkoromo: mafuta ya kupaka kooni, vidonge vya mitishamba, vibanio vya pua, mikanda ya kufungia kidevu, na mafunzo ya kulipia ya “kuimarisha koo” yanayotumwa kwa simu.

Katika orodha hiyo, ni mazoezi ya koo pekee yanayostahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi wa kitaalamu wa kutosha kujadiliwa. Swali ni iwapo yanaweza kumsaidia mtu anayekatika pumzi usingizini. Jibu ni kwamba yanaweza, kwa kiasi, kwa baadhi ya watu, na kwamba hayana sababu ya kumgharimu mtu hata senti moja. Hayo maneno “kwa kiasi” na “kwa baadhi” ndiyo ambayo muuzaji huyaruka, na ndiyo tutakayoyaeleza hapa.

Kinachotokea kooni usiku

Bomba la hewa lililo kifuani limezungushiwa pete za gegedu zinazolishikilia lisifumbe. Sehemu ya juu yake, nyuma ya ulimi na nyuma ya kaakaa laini, haina pete hizo. Huwa wazi kwa sababu misuli inayoizunguka imekazwa, na usingizi unapoingia misuli hiyo hulegea. Kwa watu wengi kulegea huko hakudhuru. Kwa mwenye shingo nene, taya dogo, ulimi mkubwa au mafindofindo yaliyovimba, shina la ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma na kuibana njia. Hewa ikipenya kwa shida, nyama hizo hutetema, na mtetemo huo ndio mkoromo. Njia ikifumba kabisa, hewa haipiti hata kama kifua kinaendelea kupanda na kushuka. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mlalaji huvuta pumzi kwa kishindo kama aliyekuwa amekabwa, kisha husinzia tena. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kufifia kwa muda wa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni hali kali. Mtu mwenye mara 30 kwa saa, akilala saa 7, pumzi yake imekwama zaidi ya mara 200 kabla ya kuwika jogoo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yaliweka idadi ya watu wenye tatizo hili duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, kuwa takriban milioni 936, wengi wao wakiwa hawajapimwa.

Kwetu mkoromo mzito huhesabiwa kuwa alama ya usingizi mnono, na aghalabu huchekwa tu. Anayeshtuka usiku akihema husemwa kuwa amekaliwa na jinamizi. Jinamizi lenyewe, lile la mtu kuwa macho asiweze kuinua hata kidole, ni jambo jingine. Anayekatika pumzi hana habari kabisa, na mwenye habari ni yule anayelala naye. Kwa sababu hiyo, mume huweza kukaa miaka mingi akitumia dawa za shinikizo la damu lisiloshuka, huku mkewe akijua kila usiku jambo ambalo daktari hajaulizia na yeye hajalisema.

Madhara hayaishii chumbani. Kukatika pumzi usingizini hupandisha shinikizo la damu na huambatana na maradhi ya moyo na kiharusi. Aidha, mwenye tatizo hili husinzia mchana: kwenye kikao cha chama cha msingi, msikitini, kanisani, na kwenye usukani. Dereva wa lori linalotoa korosho katika maghala ya Nachingwea kuelekea bandari ya Mtwara, au kijana wa bodaboda anayetoka Ruangwa kwenda Nanganga alfajiri akiwa na abiria mgongoni, akisinzia sekunde tatu tu hupoteza zaidi ya usingizi. Mtu wa namna hii ndiye anayeumizwa zaidi na dawa isiyofanya kazi, kwa kuwa huamini kwamba amekwisha kutibiwa.

Ushahidi wa mazoezi

Hoja ya mazoezi ni rahisi kueleweka. Kama njia hufumba kwa sababu misuli imelegea, basi misuli iliyoimarishwa huenda ikalegea kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa São Paulo, nchini Brazili, waliijaribu hoja hiyo kwa watu 31 wenye hali ya wastani. Watu 16 walifundishwa mazoezi ya ulimi, kaakaa na mashavu. 15 walipewa shughuli isiyolenga misuli hiyo, yaani kuvuta pumzi kwa kina na kusafisha pua. Baada ya miezi mitatu, waliofanya mazoezi walikuwa wameshuka kutoka wastani wa mara 22 kwa saa hadi chini kidogo ya 14. Mkoromo ulipungua, usingizi wa mchana ulipungua, na hata mzunguko wa shingo ulipungua. Wale wengine hawakupata nafuu hiyo.

Tuzisome hesabu hizo kwa utulivu, maana ndizo zitakazonukuliwa na mwenye kuuza. Kati ya wale 16, wanane walitoka hali ya wastani wakaingia hali nyepesi, wawili wakapona kabisa, na sita wakabaki katika daraja lilelile au karibu nalo. Hayo ni mafanikio, na ni ya dhati. Lakini waliopona ni wawili kati ya 16, tena baada ya mazoezi ya takriban nusu saa kila siku na kukutana na mtaalamu wa matamshi kila wiki. Watu wenye unene uliopitiliza hawakuwamo katika jaribio hilo.

Tafiti zilizofuata zimekwenda mwelekeo uleule. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Sleep uliunganisha tafiti kadhaa na kuona kwamba kwa watu wazima idadi ya kukatika pumzi ilipungua kwa takriban nusu. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Brazili, wa watu 39 waliokuwa wakikoroma au wenye hali nyepesi hadi ya wastani, ulipima mkoromo wenyewe kwa vinasa sauti badala ya kutegemea maelezo ya wenzi. Mkoromo ulipungua kwa asilimia 36. Wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuzipima tafiti za wengine, walizipitia mwaka 2020 tafiti 9 zenye watu 347, wakasema kwamba mazoezi yana dalili za manufaa, hususan katika kupunguza usingizi wa mchana, ila uhakika wa ushahidi huo ni mdogo kwa kuwa tafiti ni chache na za watu wachache.

Lipo pia jaribio la Uswisi la mwaka 2006 ambalo limechekesha wengi. Watu 25 waligawanywa. Kundi moja likafundishwa kupiga didgeridoo, tarumbeta ndefu ya mti ya wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Walipata nafuu ya usingizi wa mchana na pumzi zao zilikatika mara chache zaidi. Mwaka 2017 watafiti hao walitunukiwa Ig Nobel, tuzo ya utani inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Anayewajua wapiga zumari wa pwani hatastaajabu sana: mpiga zumari hujaza mashavu, husukuma hewa nje huku akivuta nyingine puani, na sauti haikatiki. Ni kazi nzito ya koo na ulimi.

Jinsi yanavyofanywa

Mazoezi yafuatayo ni yale yaliyotumika katika utafiti wa vinasa sauti wa mwaka 2015, na yalichukua takriban dakika 8, mara tatu kwa siku. Vifaa vinavyohitajika ni kioo kidogo na maji safi ya kunawa mikono.

Weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, kisha isukume na kuitelezesha kurudi nyuma. Rudia mara 20. Halafu fyonza ulimi mzima ugandamane na kaakaa, kutoka ncha hadi shina, mara 20. Kisha ncha ibaki ikigusa meno ya mbele ya chini, huku ukilikandamiza shina la ulimi kuelekea chini, mara 20. Zoezi la nne ndilo ambalo wengi hulikosea: fungua mdomo mbele ya kioo, tamka “a” kwa vipindi, na uhakikishe kwamba kaakaa laini na kimeo vinapanda kila utamkapo. Sauti ikitoka bila kaakaa kupanda, umeimba tu. Baada ya hapo ingiza kidole safi ndani ya shavu, kisukume nje, na shavu likaze kukirudisha ndani, mara 10 kila upande. La mwisho hufanywa wakati wa kula: tafuna kwa pande zote mbili za mdomo, na umezapo, ulimi uwe umegusa kaakaa na midomo isikazwe.

Hakuna siri nyingine. Anayekuuzia somo lenye “hatua zilizofichwa” anakuuzia haya, au anakuuzia pungufu ya haya. Gharama halisi ni subira: siku ya kumi hutaona kitu, na wengi huacha hapo. Mpe mwili miezi mitatu kabla ya kuhukumu, na mwenye kuhukumu awe yule anayelala nawe.

Wapo ambao mazoezi peke yake hayawatoshi. Mwenye hali kali anahitaji matibabu mengine, na mazoezi kwake ni nyongeza. Mwenye uzito uliozidi sana atapata zaidi kwa kupunguza uzito. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kutota jasho, aghalabu ana mafindofindo makubwa au nyama za puani. Huyo apelekwe kwa daktari, asifundishwe mazoezi huku muda ukipita.

Kisu si njia

Upo ushauri mwingine unaotolewa vijijini kwa uhakika mkubwa, nao ni kukata kimeo. Desturi hii ni ya zamani nchini Tanzania. Hufanywa zaidi kwa ajili ya kikohozi kisichoisha na maradhi ya koo ya watoto, na mwenye kukoroma naye huweza kuambiwa kwamba kimeo chake ni kirefu. Kimeo ni kijinyama kidogo kwenye ukingo wa kaakaa laini. Mahali panapofumba usiku ni papana kuliko hapo, na mara nyingi shina la ulimi limo. Kuondoa kijinyama hicho hakuizuii njia kuziba. Madhara yake, kwa upande mwingine, yanajulikana vyema hospitalini: kutoka damu isiyozuilika, usaha, pepopunda, na kuambukizwa virusi vya UKIMWI au homa ya ini kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Hata upasuaji wa kaakaa unaofanywa na madaktari bingwa, kwa ganzi au nusukaputi na kwa vifaa safi, hauponyi kila mtu, na hufanywa baada ya vipimo. Anayetoa kisu gulioni hajapima chochote.

Kabla ya kutoa fedha

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa na manufaa ya bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko ya aina hiyo. Dawa na vifaa tiba husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye ofisi ya kanda Mtwara. Dawa asili na waganga wake husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji wa kweli haoni taabu kuonyesha namba ya usajili na kutoa risiti yenye jina lake. Anayesema risiti ataileta kesho, mwambie na fedha utazileta kesho.

Mlaji ajihadhari pia na onyesho la kipima oksijeni cha kidoleni. Kifaa hiki kilienea sana wakati wa UVIKO-19 na ni kizuri kwa kazi yake, lakini mtu mwenye tatizo kali la usiku huweza kusoma vizuri kabisa saa nne asubuhi akiwa macho. Namba ya mchana haithibitishi kwamba u mzima, wala baada ya kumeza kidonge haithibitishi kwamba umepona.

Ahadi ya kupona kwa siku saba ipingane na miezi mitatu tuliyoitaja. Ahadi ya kumponya kila mtu ipingane na wawili kati ya 16.

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Yapo maswali manane yaliyotungwa Toronto, nchini Kanada, ambayo mhudumu yeyote wa zahanati anaweza kuyauliza: je, unakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango, huchoka au husinzia mchana, yupo aliyekuona pumzi zikikatika, una shinikizo la juu la damu, una unene uliozidi sana, umepita miaka 50, shingo yako inazidi sentimita 40, na je, u mwanamume? Futi ya fundi cherehani yatosha kupima shingo. Majibu ya “ndiyo” yakifika matatu, tatizo linawezekana. Yakifika matano au zaidi, usikawie kumwona daktari. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, na uombe kupimwa shinikizo la damu siku hiyohiyo. Kutoka hapo rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, mjini Lindi, na kwa vipimo vya juu zaidi Dar es Salaam, kwenye kliniki za masikio, pua na koo. Safari hiyo inazidi kilomita 500, kwa hiyo uliza kwanza, kwa simu au kupitia daktari anayekupa rufaa, iwapo kipimo cha usingizi kinapatikana na kwa bei gani. Chupa tatu za dawa ya gulioni huweza kuwa ndizo nauli.

Kwa hali kali, tiba inayotegemewa zaidi ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani na kuishikilia njia wazi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Inahitaji umeme usiku kucha, na bei yake si ya kila mmoja. Ni sababu mojawapo ya watu kuyakimbilia mazoezi, na hatuwalaumu.

Wakati ukisubiri rufaa, yapo ya kufanya nyumbani. Lala ubavu, ukijikuta chali kila mara, funga kanga kiunoni yenye fundo kubwa mgongoni, utajigeuza mwenyewe. Acha pombe ya jioni. Uraka na gongo hulegeza misuli ileile unayoihangaikia kwa mazoezi, na usiku wa uraka ndio usiku wa mkoromo mkubwa. Usinunue dawa za usingizi duka la dawa kwa kuwa “hulali vizuri”. Nyingi kati yake huilegeza misuli hiyo zaidi. Kwa wanaopuliza salfa ya unga mashambani dhidi ya ubwiri unga, barakoa na kuosha uso na pua baada ya kazi ni jambo la lazima kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba pua iliyowashwa na kuziba humlazimisha mtu kuhemea mdomoni usiku, na mkoromo huzidi. Dereva anayejijua kusinzia asiianze safari ya usiku kabla ya kumwona daktari, hata kama mzigo unasubiriwa bandarini.

Kabla ya kwenda kliniki, mwombe mwenzi wako akeshe kidogo kwa siku tatu na aandike: saa uliyolala, saa mkoromo ulipoanza, mara ngapi ulinyamaza ghafla na ukimya ulidumu kwa hesabu ya ngapi, ulikuwa umelala chali au ubavu, na kama ulikunywa. Arekodi pia sauti kwa simu kwa dakika kumi. Peleka karatasi hiyo na simu hiyo kwa daktari, pamoja na kadi ya shinikizo la damu na majina ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba. Ikiwezekana, nenda na mwenzi huyo.